Kalamu na Viungo Vyake

Kalamu ni chombo kidogo chenye kazi kubwa. Hukumu za makadhi, hesabu za wafanya biashara, tungo za washairi na barua za wapendanao zote zimepita katika ncha yake. Sifa za kalamu zimetungwa katika lugha nyingi, lakini aghalabu wasifuo kalamu husifu maandishi yake. Ni wachache walioitazama kalamu yenyewe, na wachache zaidi walioitazama ndani. Walakini hapana kalamu isiyoharibika. Ncha huisha, wino huganda, mpira huoza, chuma huliwa na kutu, mti hupasuka. Siku ya kuharibika kwake mwenye kalamu hujikuta mbele ya swali ambalo wino haukumfunza kulijibu: katika chombo hiki, ni kitu gani kitupwe na ni kitu gani kihifadhiwe?

Swali hilo ni dogo kwa umbo na pana kwa maana. Mtu hawezi kutengeneza chombo kabla ya kuamua chombo hicho ni nini hasa, na wapi ulipo moyo wake. Kila zama zimelijibu swali hilo kwa njia yake. Zama moja zilihifadhi ustadi wa mkono na kuiteketeza kalamu nzima. Nyingine zilihifadhi mpini na kutupa ncha. Nyingine zilihifadhi ncha na kutupa matumbo. Na nyingine zimetupa vyote. Kalamu za mbao zinazokerezwa kwa mkono, ambazo zimeenea tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20, zimeleta jibu la tano. Jibu hilo haliwezi kueleweka vyema bila ya kuyajua yale manne yaliyolitangulia.

Jina lenyewe la chombo lina ushahidi. Neno kalamu limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na wanachuoni wa lugha hulihusisha neno hilo la Kiarabu, qalam, na neno la Kiyunani kalamos, ambalo maana yake ni tete. Kalamu ya asili ya jina hilo, basi, ilikuwa ni mmea. Mwandishi alikata tete lililokomaa na kukauka, akalichonga upande mmoja kwa mshazari, akakwangua nyama laini ya ndani, akapasua ufa mwembamba katikati ya ulimi wake ili wino upate njia. Kisha aliulaza ulimi huo juu ya kibao kidogo cha mfupa au pembe na kuikata ncha kwa pigo moja la kisu. Pigo hilo la mwisho ndilo lililokuwa mtihani wa mwandishi. Kama mkono ulitetemeka, ncha ilikuwa na meno, na kila herufi iliyofuata ilitoa habari za tetemeko lile.

Uzito wa pigo hilo hufahamika zaidi kwa kukumbuka kanuni ya Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Yeye hutajwa kuwa ndiye aliyezipa herufi za Kiarabu vipimo vya uwiano, na kipimo chake kilikuwa nukta. Nukta hiyo ni alama inayoachwa na ncha ya kalamu ile ile inayoandika. Urefu wa alifu na upana wa herufi nyingine ulihesabiwa kwa nukta. Kwa hiyo mwandishi aliyechonga kalamu alichonga wakati huo huo kipimo cha maandishi yake yote, na hakuna mtu mwingine aliyeweza kumfanyia kazi hiyo bila ya kuingia katika mwandiko wake.

Kalamu ya tete haikuwa na viungo. Ilikuwa kitu kimoja tangu ncha hata mkia, na kuitengeneza kulikuwa ni kuipunguza. Ilipofifia ilichongwa tena, na kila ilipochongwa ilifupika, mpaka ikawa kipande kisichoshikika vidoleni. Kilichobaki baada ya kalamu kwisha kilikuwa ni ujuzi wa kuchonga nyingine. Hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu katika Pate, Lamu na Mombasa zimetoka katika desturi hii. Msomaji mwenye jicho la subira, akitazama hati ya namna hiyo, aweza kuona mistari ikinenepa kidogo kidogo kadiri ncha ilivyochakaa, kisha ikawa myembamba ghafula pale mwandishi alipoinua kisu. Matengenezo ya kalamu yamesalia ndani ya maandishi, ingawa kalamu yenyewe haipo.

Huko Ulaya unyoya ulishika mahali pa tete, lakini haukubadili kanuni. Isidore wa Seville, aliyefariki mwaka 636, alitaja tete na unyoya pamoja kuwa ni vyombo vya mwandishi. Unyoya wa ubawa wa bata bukini ulikaushwa na kufanywa mgumu, mara nyingi kwa mchanga wa moto, kisha ukachongwa kwa kisu kidogo ambacho kila mwandishi alikuwa nacho. Unyoya nao ulipungua kwa kila tengenezo. Kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja, basi, kuandika na kutengeneza kalamu vilikuwa kazi mbili za mkono mmoja. Asiyejua kuchonga alikuwa mwandishi nusu.

Hamu ya kupata kalamu ya namna nyingine haikukosekana hata katika zama hizo. Qadi al-Nu'man, aliyefariki mwaka 974, ameandika kwamba Khalifa al-Mu'izz wa ukoo wa Fatimi, aliyetawala tangu 953 hadi 975, alitaka afanyiwe kalamu yenye kubeba wino wake ndani, ambayo hata ikipinduliwa haichirizi, na kwamba fundi aliifanya. Habari hiyo ni ya thamani kwa sababu moja kubwa. Inaonyesha kwamba haja ilikuwako karne nyingi kabla ya viwanda, na kwamba ilipotimizwa ilitimizwa kwa mtawala mmoja. Kalamu yenye viungo ilikuwa ajabu ya jumba la kifalme. Kalamu isiyo na viungo ndiyo iliyokuwa chombo cha watu.

Mwaka 1809 mambo yalianza kugeuka. Mwingereza Joseph Bramah, mtu ambaye jina lake limekaa zaidi katika historia ya makufuli na mitambo ya kushindilia kwa nguvu za maji, alipewa hati ya haki ya uvumbuzi kwa njia ya kukata unyoya mmoja kuwa ncha kadhaa na kuzitia moja baada ya nyingine katika mpini. Jambo hilo laonekana kuwa ni la kubana matumizi tu. Kwa hakika lilikuwa ni talaka. Ncha ilitenganishwa na mpini, na kwa mara ya kwanza mwandishi wa kawaida aliweza kuitupa sehemu ya kalamu na kuihifadhi sehemu nyingine. Mahali pa kukutana vipande hivyo viwili palizaliwa kitu ambacho kalamu ya tete haikukijua: kiungo.

Viwanda vya Birmingham vilikamilisha alichoanza Bramah. Tangu miaka ya 1820 mafundi kama John Mitchell, Josiah Mason na Joseph Gillott walitumia mashini za mkono kukata na kukunja mabamba membamba ya chuma yakawa nibu, na katika karne ya 19 mji huo ukawa ndio mji mkuu wa nibu duniani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wanawake na wasichana, waliokaa kwenye mashini siku nzima wakitoa nibu kwa maelfu. Bei ilishuka, na kalamu ikafika mahali ambapo kisu cha kuchongea hakikuwahi kufika. Shule za watoto maskini zilipata kalamu, na baadaye shule za Afrika ya Mashariki nazo zikawa na madawati yenye matundu ya vidau vya wino, na wanafunzi wenye mipini ya mti na nibu za chuma.

Faida ya mabadiliko hayo ni kubwa, na si haki kuidharau. Lakini ilikuja na hasara yake. Nibu ya chuma haikuchongwa. Ilipochakaa ilichomolewa na kutupwa, na nyingine ikatiwa. Mwandishi hakuhitaji tena kujua kwa nini ufa wa ncha uwe mwembamba, wala kwa nini ulimi ukatwe kwa mshazari. Ujuzi uliokuwa katika kidole gumba cha kila karani ulihamia kiwandani, ukakaa katika mashini. Kilichobaki mkononi mwa mwandishi ni mpini wa mti. Mpini huo haukuandika, lakini ulidumu. Ulishika jasho lake, ukalainika pale vidole vilipokaa, na katika mikono ya watoto ulipata alama za meno. Sehemu isiyoandika ndiyo iliyogeuka kuwa sehemu ya mtu.

Kalamu ya wino wa ndani iliupindua mpango huo chini juu. Lewis Edson Waterman alipata hati ya uvumbuzi huko Marekani mwaka 1884 kwa njia ya kupitisha wino na hewa pamoja, hata wino ukashuka kwa kipimo. Mwaka 1908 Walter Sheaffer, sonara wa Fort Madison katika jimbo la Iowa, alipata hati kwa ajili ya kalamu inayojazwa kwa wenzo mdogo ubavuni: wenzo ukiinuliwa, kifuko cha mpira kilichomo ndani hubanwa, ukiachwa, kifuko hujaa wino. Katika kalamu za namna hii nibu iliyo bora ilikuwa ya dhahabu, na nchani imetiwa chembe ya madini magumu ili isilike upesi. Nibu hiyo ilikaa na mwenyewe miaka mingi, ikapata mwelekeo wa mkono wake. Sasa ncha ndiyo iliyodumu. Kilichokufa ni kifuko cha mpira, ambacho baada ya miaka kadha wa kadha hugeuka kigumu au kulainika kama lami.

Hapa ndipo ufundi wa kufungua kalamu ulipopata heshima yake. Fundi aliyeletewa kalamu iliyokufa aliipasha joto jembamba katika shingo, mahali nibu inapoingia katika mwili, akaizungusha na kuivuta kwa utulivu mpaka ikaachia. Alikwangua masalio ya kifuko, akapima kifuko kipya, akakigandisha kwa shelaki, utomvu unaotokana na wadudu wa miti ya India na nchi za jirani. Joto lilikuwa lazima, na joto lilikuwa hatari. Kalamu nyingi za miaka ya 1920 na 1930 zilifanywa kwa seluloidi, ambayo hushika moto kwa wepesi wa kutisha. Fundi aliyeikaribisha ndimi za moto alipoteza kazi ya mteja, na pengine nyusi zake.

Shelaki yastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna fikira nzima ya zama zile. Ni gundi yenye kushika vizuri, na ikipata joto la wastani hulegea. Waliotengeneza kalamu hizo walijua kwamba kifuko kitakufa kabla ya nibu, kwa hiyo walichagua gundi inayokubali kufunguka. Walifunga huku wakimfikiria mfunguaji. Kati ya mtengenezaji wa mwaka 1925 na fundi atakayeifungua kalamu hiyo baada ya miaka 100 pana mapatano yasiyoandikwa, na mtu wa tatu, yaani mwenye kalamu, ndiye anayefaidika nayo.

Mapatano hayo yalivunjwa na kalamu ya tufe. Wazo lake ni la zamani kuliko linavyodhaniwa. Mmarekani John Loud alipata hati mwaka 1888 kwa kalamu yenye tufe dogo la kuandikia juu ya ngozi na vitu vikavu vya namna hiyo. Aliyelifanikisha kwa karatasi ni László Bíró, mwandishi wa magazeti wa Hungaria, aliyepata hati zake mwaka 1938, na baada ya kuhamia Ajentina akapata nyingine mwaka 1943. Mwezi wa Oktoba 1945 kalamu za tufe ziliuzwa katika duka kubwa la New York kwa dola 12.50 kila moja, bei ya kitu cha anasa. Mwaka 1950 Mfaransa Marcel Bich alitoa kalamu yake ya plastiki iliyo nyangavu, na bei ikaporomoka. Mwaka 2006 kampuni yake ilitangaza kuwa imeuza kalamu ya bilioni 100. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki wameiita biki au biro, kwa majina ya hao wawili, na ni nadra wavumbuzi kupata ukumbusho wa wazi kama huo.

Katika kalamu hiyo tufe limo ndani ya kikombe kidogo cha chuma, na midomo ya kikombe imekunjwa juu yake. Hapana mlango wa kulitoa. Atakaye kulitoa hana budi kuivunja midomo, na midomo ikivunjika kalamu imekwisha. Zamani kiungo kilikuwa mahali pa kukutana na pa kuachana. Hapa kimekuwa mahali pa kukutana tu. Hakuna cha kuhifadhi, wala mpini, wala ncha, wala ujuzi. Pamoja na hayo, mtoto aliyekosa kila kitu aweza kupata kalamu hiyo kwa senti chache, akafanya mtihani na kufaulu. Kizuri hakikosi ila, na wakati mwingine chenye ila hakikosi uzuri.

Kalamu ya mbao ya kukerezwa imezaliwa katika dunia hiyo ya vitu vya kutupwa, nayo imezaliwa kwa sehemu kuwa ni malalamiko dhidi yake. Hasa katika Marekani na Uingereza, watu wenye kerezo ndogo nyumbani walianza kukereza kalamu moja moja kwa ajili ya zawadi na kwa mauzo madogo. Mti ni wao. Vyuma vya ndani hununuliwa vikiwa tayari, vingi vikiwa vimetengenezwa Taiwan na Uchina. Kwa hiyo kalamu inayoitwa ya mkono ni ya mkono kwa nje na ya kiwanda kwa ndani. Ukweli huo hauitii aibu, lakini lazima ujulikane, kwa maana hauonekani mpaka kalamu ifunguliwe.

Namna ya kawaida ya kazi hiyo ni hii. Mkereza huchukua kipande cha mti cha mraba chenye unene wa kama milimita 20, akakikata sehemu mbili, na kila sehemu akaitoboa kwa keekee ya milimita 7 kwa kufuata nyuzi za mti. Ndani ya tundu hutia mrija wa shaba ya manjano uliopakwa gundi. Gundi ikikauka, miisho husawazishwa, vipande huvikwa katika ufito wa chuma, na kerezo huanza kuzunguka. Patasi hukwangua mpaka mti uliobaki juu ya shaba, hapo miishoni, uwe mwembamba kuliko milimita 1. Kisha huja msasa, nta au vanishi. Mwishoni viungo vya chuma hushindiliwa ndani ya mirija: ncha, kifaa cha kusokota kinachotoa na kurudisha mrija wa wino, kibanio cha mfukoni na kofia yake. Aghalabu viungo hivi havishikwi na hesi wala gundi. Vinashikwa na kubanwa tu.

Miti inayopendwa na wakereza ni mingi, na mmoja wao ni mpingo, unaokua Tanzania na Msumbiji na nchi nyingine za Afrika. Mti huu, ambao ni maarufu kwa vinyago vya Wamakonde na kwa zumari za Ulaya, ni mzito hata huzama majini, na hukadiriwa kuhitaji zaidi ya miaka 70 kabla ya kufaa kukatwa. Mafuta yake ya asili huupa mng'ao, na mafuta hayo hayo huikataa gundi, hata fundi mwangalifu hulisafisha tundu kwa spiriti kabla ya kutia mrija. Kipande kinachotosha kalamu moja ni kidogo kuliko kiganja, lakini umri uliomo ndani yake unamzidi fundi na mnunuzi.

Adui mkubwa wa kalamu hiyo ni ndoa yenyewe ya mti na shaba. Mti hauachi tabia zake kwa kukatwa. Hewa ikiwa na unyevu hunywa maji na kutanuka. Hewa ikikauka hunywea, tena hunywea zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Shaba haina habari na unyevu. Kalamu iliyokerezwa katika nchi ya mvuke, kisha ikapelekwa katika nyumba iliyopashwa moto wakati wa baridi ya kaskazini, huingia katika ugomvi: mti wataka kunywea, shaba inakataa, na mti ndio unaoshindwa. Hupasuka kwa mstari ulionyooka, kufuata nyuzi zake. Ufa ukiwa mchanga waweza kujazwa kwa gundi nyepesi na vumbi la mti ule ule. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika kalamu hapana nafasi ya ukuta.

Lakini ili ufa utengenezwe vizuri, na kalamu irudi katika kerezo, viungo vyake havina budi kutolewa kwanza. Fundi huanza kwa kuchomoa nusu ya juu, kwa kuwa hiyo imeundwa itoke. Hufungua hesi ya mrija wa wino na kuutoa. Kisha hutia ufito mwembamba wa chuma kupitia kifaa cha kusokota mpaka uguse mgongo wa ncha, akaushika mwili wa kalamu kwa kipande cha ngozi, akaugonga ufito kwa nyundo ndogo. Ncha hutoka. Sasa ufito mnene zaidi huingizwa kwa upande ule uliofunguka, na kifaa cha kusokota kikasukumwa nje kwa upande wa pili. Katika nusu ya juu, ufito huingia kutoka katikati na kuisukuma kofia pamoja na kibanio chake. Mapigo yawe mengi na madogo. Pigo moja kubwa hufanya kazi upesi, tena aghalabu hufanya kazi ya mwisho.

Katika utaratibu huo mna sheria moja inayotawala nyingine zote: sukuma kwa unyoofu, usisokote. Anayesokota chuma kwa koleo huuhamisha msokoto kwenye mrija, mrija ukauhamisha kwenye gundi, na gundi ikiachia mti hubaki peke yake, mwembamba kuliko milimita moja, bila ya mgongo wa kuuegemea. Ncha ikikwaruzwa, haidhuru. Kifaa cha kusokota kikipondeka, haidhuru. Vyote viwili hupatikana kwa bei ndogo na kwa vipimo vile vile. Mti haupatikani tena. Hata ukikatwa kutoka shina lile lile, mistari yake haitakuwa ile. Fundi mjuzi huwa tayari kukiharibu kila kilicho cha chuma ili kuuokoa mti.

Hilo ndilo jibu la tano, nalo ni geni kwa yote yaliyotangulia. Katika kalamu ya tete kilichohifadhiwa ni ujuzi. Katika kalamu ya nibu, mpini. Katika kalamu ya wino wa ndani, ncha. Katika kalamu ya tufe, hapana. Katika kalamu ya mbao kinachohifadhiwa ni ganda, na kila kinachoandika hutupwa. Plutarch wa Ugiriki alisimulia juu ya merikebu ya Theseus, ambayo Waathene walibadili mbao zake zilizooza moja moja, hata wanafalsafa wakabishana kama ni merikebu ile au nyingine. Kalamu ya mbao ni kinyume cha merikebu hiyo. Vyote vingine hubadilishwa na mbao ndizo zinazobaki, na hapana mtu anayebisha kwamba ni kalamu ile ile. Sababu yake si ngumu kuijua. Kalamu nyingi za namna hii hutolewa kwa mtu anayehitimu masomo au anayestaafu kazi, na baadhi hukerezwa kwa mbao za nyumba iliyobomolewa au mti uliokatwa uani. Watu hawakuutunza mti kwa ajili ya kuandika. Waliutunza kwa ajili ya kukumbuka, kisha wakaupa kazi ya kuandika ili ukumbusho usikae bure.

Yaweza kutolewa hoja kwamba matengenezo haya hayana maana, kwa kuwa saa moja ya fundi ina thamani kuliko vyuma vyote vilivyomo ndani. Kwa hesabu ya soko hoja hiyo ni ya kweli. Lakini hesabu ya soko huhesabu chuma na saa. Haina safu ya kuandikia mti uliomea miaka 70, wala safu ya kuandikia mkono uliotoa zawadi. Yaweza kusemwa pia kwamba kalamu iliyofunguliwa haibani tena kama zamani. Hiyo nayo ni kweli, kwa maana kila kushindiliwa hupanua mrija kidogo. Fundi huweka tone la gundi pale palipolegea, na hapo huja mtihani wa uaminifu wake. Akitia gundi kali na nyingi, kalamu itakaza vizuri naye atasifiwa leo; lakini atakuwa ameufunga mlango kwa fundi wa kesho. Akitia kidogo, ya namna inayolegea kwa joto, atakuwa amerudia mapatano yale ya shelaki.

Kwa hiyo ubora wa kalamu ya mkono haujulikani kwa kuitazama ikiwa juu ya meza. Mng'ao waweza kudanganya, na mistari mizuri ya mti ni kazi ya mti, wala si kazi ya fundi. Kazi ya fundi ipo katika viungo: kama alilisafisha tundu kabla ya gundi, kama aliusawazisha mwisho wa mti mpaka ukakutana na shaba, kama alishindilia kwa unyoofu, na kama alifunga kwa namna inayoruhusu kufungua. Hayo hayaonekani na mnunuzi, na pengine hayataonekani na mtu yeyote kwa miaka 20. Huonekana siku moja tu, siku ya kuharibika, na huonekana na mtu mmoja tu, yule ashikaye nyundo ndogo na ufito wa chuma. Fundi mwema humfanyia kazi mtu huyo asiyemjua, na ndiyo maana kalamu yake yaweza kuandika baada ya yeye mwenyewe kuiweka nyundo chini.